Marais wa Mwanzo wa Marekani na Hazina Iliyokuwa Tupu

Wengi wanaohudhuria mihadhara yetu ya wazi kuhusu historia ya Marekani huja na sura ya George Washington waliyoiona kwenye noti ya dola moja: mzee mtulivu, asiyetetereka, kana kwamba alikabidhiwa nchi iliyokwisha kukamilika. Mwaka 1789 haukuwa hivyo. Bunge jipya lilipaswa kuanza kazi mjini New York tarehe 4 Machi, lakini akidi haikutimia mpaka Aprili, maana wajumbe wengi walikuwa hawajafika. Washington mwenyewe alikuwa na mashamba makubwa Virginia lakini mfukoni hakuwa na kitu. Ilimbidi akope kwa tajiri mmoja wa mji wa Alexandria ili apunguze madeni yake na apate gharama za safari ya kwenda kuapishwa. Aliapa tarehe 30 Aprili.

Serikali aliyoikuta ilikuwa na dhiki kama ya kwake. Ndiyo maana anayetaka kuzielewa tawala hizi za mwanzo namshauri afuate fedha: nani anadai, nani atalipa, na nani ana nguvu ya kumlazimisha anayekataa. Hotuba nzuri zipo nyingi, lakini migogoro mingi ya miaka hiyo ukiichimba utakuta deni chini yake.

Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, aliwasilisha hesabu mwezi Januari 1790. Serikali kuu ilikuwa inadaiwa takribani dola milioni 54, na majimbo yalikadiriwa kudaiwa milioni 25 zaidi kutokana na vita vya uhuru. Askari waliopigana vita hivyo walikuwa wamelipwa kwa hati za ahadi ya kulipwa baadaye, na wengi wao, kwa njaa, walikwisha kuziuza kwa walanguzi kwa bei ya kutupa. Hamilton akasema hati zilipwe thamani yake kamili kwa yeyote anayezishika sasa. James Madison, aliyekuwa mbunge wa Virginia, alitaka askari wa awali nao wapate fungu. Madison akashindwa. Kiuchumi Hamilton alikuwa na hoja, kwa kuwa serikali isiyolipa hati zake haikopeshwi tena, lakini mkulima mwenye mguu wa mbao aliyemwona mlanguzi wa mjini akivuna jasho lake hakuhitaji kufundishwa uchumi ili akasirike.

Suala la kubeba madeni ya majimbo lilikwama bungeni hadi Juni, ndipo Thomas Jefferson, Waziri wa Mambo ya Nje, akakutana na Hamilton na Madison kwa chakula cha jioni nyumbani kwake. Matokeo yanajulikana: madeni yakachukuliwa na serikali kuu, na makao makuu ya nchi yakapangiwa kingo za mto Potomac, jirani na mashamba ya watu wa kusini, baada ya miaka 10 ya kukaa Philadelphia. Baadaye Jefferson alilalamika kwamba Hamilton alimzunguka. Mimi siyapi uzito sana malalamiko hayo. Watu wa kusini waliondoka na mji mkuu.

Deni likishakubaliwa, sharti lilipwe. Ushuru wa forodha peke yake haukutosha, kwa hiyo mwaka 1791 ikaja kodi ya wiski. Kwa wakulima wa magharibi ya Pennsylvania, ng'ambo ya milima ya Appalachia, wiski haikuwa anasa. Kuvusha magunia ya nafaka milimani kulikuwa hasara tupu, lakini mapipa ya pombe yalibebeka, na fedha taslimu ilikuwa adimu kiasi kwamba watu walilipana kwa wiski. Wenye viwanda vikubwa waliweza kulipa kwa kiwango nafuu kuliko mkulima mwenye mtambo mmoja, na aliyekaidi aliitwa kushtakiwa Philadelphia, safari ndefu ya kuacha shamba. Julai 1794 watu wenye silaha waliivamia nyumba ya John Neville, msimamizi wa kodi hiyo karibu na Pittsburgh, wakaichoma moto.

Washington aliita wanamgambo karibu 13,000 kutoka majimbo manne, akapanda farasi akaenda nao mwenyewe hadi mji wa Bedford, Pennsylvania. Walipofika hapakuwa na wa kupigana naye, kwani waasi walikwisha kutawanyika. Wawili walihukumiwa kifo kwa uhaini, na mwaka 1795 Washington akawasamehe. Vitabu vya shule hupenda kusimulia maandamano ya jeshi. Msamaha, kwa maoni yangu, ulifanya kazi kubwa zaidi, maana serikali ilionyesha nguvu bila kuwaachia wapinzani wake mashahidi wa kuwaombolezea. Hata hivyo kodi yenyewe iliendelea kukusanywa kwa taabu hadi ilipofutwa mwaka 1802.

Kulikuwa na wengine ambao serikali hii haikuwasamehe. Mataifa ya asili ya kaskazini-magharibi, yakiwamo Miami na Shawnee, yaliangamiza zaidi ya askari 600 wa Jenerali St. Clair mwezi Novemba 1791, jeshi likaundwa upya, na kwa mkataba wa Greenville wa 1795 yakapoteza sehemu kubwa ya Ohio. Pale Philadelphia, sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa aliyeletwa na bwana wake akakaa miezi sita, hivyo Washington alikuwa akiwahamisha watumwa wake kabla muda haujatimia. Ona Judge, mtumishi wa mke wake, alitoroka mwaka 1796 akaishia New Hampshire. Rais alijaribu kumrudisha akashindwa.

John Adams alishika madaraka mwaka 1797 akiwa amemshinda Jefferson kwa kura 71 kwa 68 za wajumbe wa uchaguzi, na kwa utaratibu wa wakati ule aliyeshindwa akawa makamu wake. Ufaransa ilikuwa imekasirishwa na mkataba wa Marekani na Uingereza, ikaanza kukamata meli za Kimarekani, zaidi ya 300. Adams alipotuma wajumbe Paris, mawakala wa waziri wa mambo ya nje, Talleyrand, waliwaambia mazungumzo hayataanza bila kitu kidogo, na kitu chenyewe kilikuwa kama dola 250,000, mbali na mkopo kwa serikali ya Ufaransa. Taarifa zilipotangazwa, majina ya mawakala yakifichwa kwa herufi X, Y na Z, wananchi waliwaka.

Katika joto hilo mwaka 1798 Bunge liliunda wizara ya jeshi la maji, likapanua jeshi la nchi kavu, na kupitisha sheria iliyofanya kuwa kosa kuichapishia serikali maneno ya uchochezi. Adhabu yake ilikuwa hadi miaka miwili jela na faini ya dola 2,000. Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, alifungwa miezi minne, na wapiga kura wake wakamchagua tena akiwa gerezani. Gharama za maandalizi ya vita ziliilazimu serikali kukopa kwa riba ya asilimia 8 na kutoza kodi ya nyumba, ardhi na watumwa. Kodi hiyo nayo ikazaa uasi mwingine, wa Wapennsylvania wenye asili ya Kijerumani wakiongozwa na John Fries. Adams, kama Washington, alisamehe.

Halafu akafanya jambo ambalo chama chake hakikulisahau: alituma wajumbe wengine Ufaransa kutafuta amani, huku Hamilton na wenzake wakitaka jeshi liendelee kukua. Mapatano yalitiwa saini mwishoni mwa Septemba 1800. Habari zilichelewa kuvuka bahari, na Adams akashindwa uchaguzi. Jefferson na Aaron Burr, waliogombea pamoja, walipata kura 73 kila mmoja, na Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mara 36 ndipo likampata Jefferson. Adams aliondoka mji mkuu alfajiri ya siku ya kuapishwa mwenzake.

Jefferson aliingia na ahadi ya serikali ndogo. Yeye na Albert Gallatin, Waziri wa Fedha, walipunguza jeshi na wakaliteremsha deni kutoka takribani dola milioni 83 hadi 57. Lakini mtu aliyeogopa mikopo ndiye aliyeinunua Louisiana, eneo kubwa la katikati ya bara lililokuwa la Ufaransa, mwaka 1803 kwa dola milioni 15, sehemu kubwa yake ikilipwa kwa hati za mkopo zilizouzwa na mabenki ya London na Amsterdam. Napoleon aliiuza kwa sababu jeshi lake lilikuwa limekwisha Haiti, kwa homa ya manjano na kwa mikono ya watumwa waliojikomboa. Ni deni ambalo Marekani haikuwahi kuwashukuru Wahaiti. Jefferson mwenyewe alikuwa na shaka kama katiba inamruhusu kununua, akanunua.

Marufuku yake ya Desemba 1807 iliyozuia meli zote za Kimarekani kwenda ng'ambo ilimgharimu zaidi. Ilikusudiwa kuzibana Uingereza na Ufaransa, zilizokuwa zikikamata meli za Kimarekani, bila vita, lakini mauzo ya nje yalianguka kutoka dola milioni 108 hadi milioni 22 kwa mwaka mmoja. Mabaharia wa New England wakakosa kazi, magendo yakashamiri mpaka wa Kanada, na rais aliyehubiri uhuru wa raia akasaini sheria ya kuwapa maofisa wa forodha mamlaka makubwa ya kupekua na kukamata mali. Alisaini kufutwa kwa marufuku hiyo siku chache kabla ya kuondoka madarakani mwezi Machi 1809.

Madison akarithi urais pamoja na ugomvi huo. Benki ya taifa, aliyoipinga bungeni mwaka 1791, ilinyimwa leseni mpya mwaka 1811 kwa kura ya uamuzi ya makamu wake, George Clinton, Seneti ilipogawanyika sawasawa. Juni 1812 nchi ikaingia vitani na Uingereza bila benki ya kuikopesha. Mwaka 1813 Stephen Girard, tajiri wa Philadelphia aliyekuwa amenunua jengo la benki hiyo iliyokufa, pamoja na wafanyabiashara wenzake, walichukua sehemu kubwa ya mkopo wa dola milioni 16 uliokuwa umedoda. Agosti 1814 Waingereza walichoma Ikulu na jengo la Bunge. Novemba serikali ilishindwa kulipa riba ya wadai wake Boston.

Vita vilipoisha deni lilikuwa limefika dola milioni 127. Tarehe 10 Aprili 1816 Madison alisaini sheria ya kuanzisha Benki ya pili ya Marekani, yenye mtaji wa milioni 35 na leseni ya miaka 20. Hisa za milioni 3 zilipokosa wanunuzi, Girard alizichukua zote.