Matairi ya lori kwa njia ya mchanga: tazama ubavu kabla ya kashata

Mwenye lori akianza kupeleka mizigo North Horr, kwenye jangwa la Marsabit kaskazini mwa Kenya, ombi lake la kwanza kwangu mimi muuza matairi huwa matairi ya kashata kubwa (vipande vya mpira vilivyochomoza kwenye uso wa tairi), yale ya kuchimba. Kwa tope ningempa. Kwenye mchanga, kuchimba ndiko kunakozamisha: kashata huuchota mchanga na kuutupa nyuma mpaka ekseli ikae chini.

Mchanga unataka tairi lielee. Lori huikandamiza ardhi kwa nguvu inayokaribiana na upepo uliomo tairini, hivyo tairi lililojazwa psi 100 (psi ni kipimo cha upepo) huingia mchangani kama kisigino cha kiatu cha bibi harusi. Shusha hadi 50, ubavu utajikunja na unyayo wa tairi urefuke. Urefu huo una faida kuliko upana, maana tairi pana mno husukuma lundo la mchanga mbele yake.

Ndiyo maana naanza na ubavu. Kimo cha ubavu wa saizi ya 315/80R22.5, tairi la lami, ni kama sentimita 25. Wa 12.00R20 ni 30 hivi, na wa 14.00R20 unapita 37. Liwe radial (ndiyo R kwenye saizi); lile la mtindo wa zamani, tunaloliita nailoni, ni gumu kukunjika.

Tatizo kubwa ni matairi pacha ya nyuma. Ukipunguza upepo, matumbo yao hugusana, husuguana na kupata moto. Tena hayapiti kwenye alama ya tairi la mbele, kwa hiyo injini inalima njia mpya. Napendelea 14.00R20 moja kila upande, ila rimu zibadilishwe na mzigo upungue: lenye nambari ya uzito 164, iliyoandikwa ubavuni, hubeba kilo 5,000, ilhali 12.00R20 mbili za nambari 150 zikiwa pacha hubeba 6,700. Wafanyabiashara wengi hapo hunikatalia, na hesabu yao naielewa.

Kama tairi ni la tyubu, usishushe kupita kiasi: litateleza kwenye rimu na kung'oa valvu.

Halafu kuna jangwa la Chalbi. Ikikauka ni ngumu na tambarare, na dereva aliyetoka mchangani hukanyaga mafuta upepo ukiwa bado nusu. Tairi huiva kwa joto, kisha hupasuka. Upande wa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, mawe meusi ya volkano hupasua ubavu uliolegea. Funga mpira wa kujazia kwenye mtungi wa hewa ya breki, ujaze kabla ya kuongeza mwendo, hata utingo akinung'unika.

Ritredi, yaani tairi kuukuu lililobandikwa uso mpya, siuzi kwa njia hii. Gamba lililobandikwa halivumilii kukunjwa juani na mzigo juu yake.