Matundu ya mbao si mlango wa kuingilia

Wengi hapa Uganda huamini kwamba kitanda kikianza kutoboka, vanishi juu ya matundu humaliza wadudu. Ni rahisi kuamini hivyo, maana matundu ndiyo yanayoonekana. Lakini hayo ni ya kutokea: mdudu aliyekomaa ameshatoka. Aliyekula mbao ni funza, yaani mdudu huyo kabla ya kukomaa, na wenzake huenda bado wamo ndani, vanishi isikowafikia. Hata mvule huliwa, kwenye ule ubao mweupe wa pembeni.

Jipimie mwenyewe. Futa unga wote uliotoka kwenye matundu, tandika karatasi nyeusi chini ya tendegu, usisogeze kitanda wiki kadhaa. Unga mweupe mpya, laini kama wa muhogo, mara nyingi ni dalili kwamba bado wanakula. Tafadhali usimwagie mafuta ya taa mahali watoto wanapolala.