Kabla ya Kununua Programu, Angalia Somo

Walimu wakuu wa shule hapa Uganda hutuuliza mara kwa mara: tununue programu gani ya kompyuta ya kufundishia? Kabla ya kujibu huwa nawauliza mambo mawili. Ni mada gani inawatatiza wanafunzi wenu? Na intaneti ikikatika, mtabaki na nini?

Programu nyingi zinazouzwa ni za mazoezi: swali, jibu, alama. Nazo zina kazi yake. Mtoto wa darasa la tatu anayejifunza kuzidisha husahihishwa papo hapo, jambo ambalo mwalimu mwenye watoto tisini hawezi kumfanyia kila mmoja. Lakini mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unamtaka mwanafunzi atende, achunguze na aeleze alichokiona. Kuchagua jibu kati ya manne hakumfikishi huko.

Hapo ndipo majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta yanapohitajika. Mradi wa PhET, ulioanzishwa 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na mwanafizikia Carl Wieman, hutoa majaribio hayo bure, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Wanafunzi wanaweza kuunganisha saketi kwenye skrini na kuongeza volti bila hofu ya kuunguza kitu. Waulize kwanza: tukiongeza balbu ya pili kwenye waya ule ule, ya kwanza itafanyaje? Waache wabishane, ndipo wajaribu. Ubishi ule ndio somo lenyewe. Programu inaonyesha tu nani alikuwa sahihi. Shule yenye betri na balbu mbili za kweli ianze na hizo, skrini ifuate. Katika jometri, programu ya GeoGebra hufanya kazi kama hiyo: mwanafunzi anavuta ncha ya pembetatu huku na huku, na jumla ya pembe inabaki nyuzi 180.

Suala la intaneti linaniuma. Shule zetu zilipofungwa kuanzia Machi 2020, wanafunzi wengine wakisubiri hadi Januari 2022, masomo ya mtandaoni hayakumfikia mtoto ambaye kwao hakuna bando. Programu ya Kolibri ilitengenezwa kwa mazingira kama hayo. Masomo huhifadhiwa kwenye kompyuta moja ya shule, na vifaa vingine huyapata kwa waifai ya hapo hapo, bila intaneti.

Programu ikidai majina na umri wa watoto, kumbukeni Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019: taarifa za mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi.

Msilipie leseni kwa kuvutiwa na maonyesho ya muuzaji. Mwombeni mwalimu wa somo aijaribu kwa mada moja, darasani kwake, huku mwalimu mkuu ameketi nyuma akiangalia nani anashika kipanya. Kama ni wavulana wawili tu kipindi kizima, na wasichana wamesimama wakitazama, pangeni makundi upya na mjaribu tena kabla ya kutoa hata shilingi moja.