Je, wajua kwa nini agari ikipikwa Goma inadai presha zaidi?

Ubavuni mwa kopo la unga wa agari, kitu cha kugandishia chakula cha bakteria maabara, kuna maelekezo mafupi: pima gramu kadhaa kwa lita moja ya maji, chemsha mpaka unga uyeyuke, kisha pika ndani ya otoklevu (chungu cha mvuke wenye presha) kwa nyuzijoto 121 kwa dakika 15. Mwanafunzi wa Goma anayeikazia macho manometa (kipimo cha presha) tu, akaanza kuhesabu dakika pale sindano inapogusa namba aliyoandikiwa na kitabu, anaweza kukuta kesho yake sahani zimeota vitu ambavyo hakuvipanda. Unga haukuwa mbovu, na mikono yake huenda ilikuwa safi kabisa. Namba ile iliandikwa kwa ajili ya mtu aliye usawa wa bahari, na Goma iko juu, mita 1,500 hivi.

Kabla ya presha, tuseme sahani hizi ni za nini. Bakteria mmoja haonekani kwa macho. Ukimtia kwenye supu ataongezeka, lakini supu itatibuka tu na hutajua kama mna aina moja au kumi. Ukimweka juu ya kitu kigumu chenye chakula, hana pa kwenda. Anagawanyika palepale, wawili, wanne, wanane, na baada ya siku moja pana kitone unachoweza kukigusa kwa ncha ya waya: mamilioni ya bakteria waliotokana na mzazi mmoja. Kitone hicho ndicho koloni. Karibu kila tunachojua kuhusu bakteria mmoja mmoja kilianzia kwenye kitone cha namna hiyo.

Kupata hicho kitu kigumu haikuwa rahisi. Mjerumani Robert Koch alianza na vipande vya kiazi kilichochemshwa, ila bakteria wengi wanaowaumiza watu hawapendi kiazi. Akahamia kwenye jelatini, inayotolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama. Jelatini ni safi na inapitisha mwanga, lakini ina udhaifu mkubwa: huyeyuka kabla ya kufika nyuzijoto 37, yaani joto la mwili wa binadamu, ambalo ndilo joto wanalolipenda bakteria wa magonjwa. Isitoshe, jelatini ni protini, na bakteria wengi huila. Unaweka sahani jioni, asubuhi unakuta uji.

Aliyeleta jibu hakuwa profesa. Fanny Hesse, mzaliwa wa Marekani, alikuwa mke wa daktari Walther Hesse aliyefanya kazi na Koch, naye ndiye aliyemchorea mumewe picha za koloni na kumsaidia kazi za maabara. Siku za joto jelatini ya mumewe iliyeyuka, lakini vitamutamu alivyogandisha Fanny jikoni havikuyeyuka. Alikuwa akivigandisha kwa agari, jambo alilolijua tangu utotoni kutoka kwa jirani Mholanzi aliyewahi kuishi Java. Mwaka 1881 akapendekeza ijaribiwe. Mwaka uliofuata, Koch alipotangaza bakteria wa kifua kikuu, aliitaja agari kwa maneno machache bila kumtaja Fanny. Kila mwalimu anayefundisha somo hili angepaswa kumtaja kwa jina, maana bila yeye sahani zetu zingekuwa kitu kingine kabisa. Petri, ambaye jina lake tunalitamka kila siku tukisema sahani za Petri, alichangia sahani yenye mfuniko mwaka 1887, na hata hilo ni jambo kubwa, lakini kilichomo ndani ya sahani ni cha Fanny.

Agari hutoka kwenye mwani mwekundu wa baharini. Si mwani wote: ule unaolimwa Zanzibar hutoa karajinani, ambayo ni ndugu yake, si yenyewe. Ni nyuzi ndefu za sukari zilizoungana, na ni bakteria wachache tu, wengi wao wa baharini, wanaoweza kuzimeng'enya. Gramu 15 zinatosha kugandisha lita nzima ya maji. Ajabu yake kubwa ni kwamba haiyeyuki na kuganda kwenye joto lilelile. Ili iyeyuke inataka nyuzijoto 85 na kuendelea. Ikishayeyuka inabaki majimaji mpaka ishuke karibu na 40, wakati mwingine chini zaidi. Nyuzi zake zikipoa hujisokota mbilimbili, kisha misokoto hiyo hushikana mafungu mafungu na kuyafungia maji katikati. Kuyaunda mafungu ni rahisi. Kuyafumua kunadai moto mkali. Ndiyo maana sahani inaweza kukaa kwenye kabati la joto kwa nyuzijoto 37 usiku kucha bila kulegea.

Sasa turudi kwenye moto. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuishinda hewa inayoyakandamiza. Mombasa, au Banana kule mdomoni mwa mto Kongo, presha ya hewa ni bari (kizio cha presha) 1.01 hivi na maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Goma presha ya hewa ni bari 0.85 hivi, na maji huchemka yakifika 95. Mama yeyote wa Goma anajua jinsi maharagwe yanavyokawia kuiva na kumaliza makala (makaa). Chanzo ni hichohicho. Ukiongeza makala, maji yatakauka upesi zaidi, lakini hayatapata joto zaidi.

Kuyeyusha agari kwa nyuzijoto 95 kunawezekana, ila kwa subira: koroga, acha ichemke, angalia chupa dhidi ya mwanga. Punje zinazong'aa zikiwa bado zinaelea, haijayeyuka. Ukimwaga hivyo, sahani zitaganda vibaya, nyingine laini, nyingine zenye mabonge.

Kuua ndiko kugumu. Bakteria wa kawaida hufa muda mrefu kabla maji hayajachemka. Lakini jamii za Bacillus na Clostridium hutengeneza spora, ganda kavu gumu ambamo bakteria hulala bila kula, na spora hizo hustahimili maji yanayochemka. Vumbi lolote linazo. Ndiyo sababu tunahitaji otoklevu, chungu kizito chenye mfuniko wa kukazwa, kinachofungia mvuke ili upande juu ya joto la kuchemka.

Hapo hesabu inaanza. Mvuke mtupu ukiwa na nyuzijoto 121 una presha kamili ya bari 2.05. Manometa ya kawaida, hata hivyo, haionyeshi presha kamili. Inaonyesha ziada tu, yaani kiasi ambacho presha ya ndani imeizidi hewa ya nje. Pwani, 2.05 ukitoa 1.01, sindano isome 1.04. Goma, 2.05 ukitoa 0.85, sindano isome 1.20. Ukisimama kwenye 1.04 ukiwa Goma, ndani ya chungu mna bari 1.89 tu, na mvuke wa presha hiyo una nyuzijoto 118.

Nyuzi tatu zinaonekana si kitu, lakini kwa spora ni kitu kikubwa. Kwa spora sugu, joto likishuka nyuzi 10, muda unaohitajika kuziua huongezeka karibu mara kumi. Likishuka nyuzi 3, muda unakuwa mara mbili. Dakika 15 za kitabu zinageuka 30. Kwa hiyo mwenye chungu ambacho valvu yake haipandi zaidi ya bari 1, kama masufuria ya presha ya jikoni ambayo shule nyingi hutumia, asihangaike na valvu, ni hatari. Aache dakika 30 au zaidi kidogo. Mwenye otoklevu yenye kipimo cha joto ndani yake aamini kipimo cha joto na aipuuze namba ya presha iliyo kitabuni.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili na linawapata hata watu wa pwani: kufunga valvu kabla hewa haijatoka. Hewa iliyochanganyika na mvuke hupandisha sindano bila kupandisha joto. Acha mvuke ufoke kwa nguvu dakika tano hadi kumi, ndipo ufunge.

Je, si afadhali kupika saa mbili na kuondoa wasiwasi wote? Hapana. Sukari na protini zikipikwa pamoja muda mrefu hubadilika rangi kuwa kahawia na chakula hupungua ubora. Na mchanganyiko ukiwa na asidi, moto mrefu huzikata nyuzi za agari vipandevipande, usiku ukaisha na sahani bado ni supu.

Maji nayo yana neno. Maji mengi ya Goma hutoka ziwa Kivu, na mengine hutiwa klorini kwenye bidoni (madumu) palepale kando ya ziwa. Ni kinga nzuri kwa wanywaji, lakini klorini ipo kuua bakteria, wakati sahani inatakiwa kuwalisha. Tena maji ya juu ya ziwa hilo yana chumvi nyingi na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya karibu 9, ilhali mchanganyiko wa kawaida wa maabara (peptoni gramu 5, dondoo la nyama gramu 3, chumvi gramu 5, agari gramu 15 kwa lita) unataka pH ya karibu 7. Tumia maji yaliyokenekwa.

Baada ya moto, subiri. Agari ya nyuzijoto 90 ikimwagwa hutoa mvuke mwingi unaogeuka matone chini ya mfuniko. Ikipoa mno inaganda ndani ya chupa. Nyuzijoto 50 ndipo mahali pake: chupa ni ya moto lakini kiganja kinaivumilia. Funga madirisha kabla ya kufungua chupa. Vumbi jeusi la lava liko kila mahali hapa mjini, na punje moja inatosha kubeba spora. Washa taa ya spiriti mezani. Hewa yenye joto hupanda karibu na mwali na kupunguza vumbi linaloangukia kazi yako. Pitisha mdomo wa chupa kwenye moto, inua mfuniko wa sahani upande mmoja tu, mwaga mililita 20 hivi, funika. Lita moja hutoa sahani 45 mpaka 50 za milimita 90.

Ikishaganda, igeuze sahani, sehemu yenye agari iwe juu na mfuniko uwe chini. Agari ni maji kwa zaidi ya asilimia 95, na maji hayo huvukiza polepole. Sahani ikiachwa bila kugeuzwa, matone hukusanyika mfunikoni na kuangukia koloni, yakizisambaza na kuzichanganya mpaka usijue ipi ni ipi. Kwa sababu hiyohiyo jina na tarehe huandikwa kwenye kitako, maana mifuniko hubadilishana.

Kabla ya kuzitumia, weka sahani mbili tupu kwenye kabati la joto usiku mmoja. Zikibaki safi, otoklevu yako ilifanya kazi. Zikiota vitone pembeni na juu, uchafu uliingia wakati wa kumwaga. Zikiota mpaka ndani ya agari yenyewe, rudi kwenye hesabu ya presha. Na kwa darasa la shule, sahani zikishapandwa zifungwe kwa utepe, zikae nyuzijoto 25 mpaka 30 badala ya 37 ili kutowapendelea bakteria wa mwili, na zisifunguliwe tena. Zikimaliza kazi zipikwe upya ndani ya otoklevu, au zilowekwe kwenye javeli (dawa ya klorini ya kusafishia) usiku kucha, kisha zitupwe.

Iko agari moja ambayo haiingii kabisa kwenye otoklevu, na ndiyo Goma inayoihitaji kuliko zote: ile ya kijani iitwayo TCBS, ya kumsaka bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae. Ina chumvi za nyongo na pH ya 8.6, hivyo yenyewe huwazuia bakteria wengine wengi, na moto wa otoklevu ungeiharibu. Huchemshwa tu mpaka iyeyuke, ikamwagwa. Vibrio cholerae huichachua sukari iliyomo na koloni zake hutoka za manjano.

Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, kipindupindu kilifumuka, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu kile walikuwa sugu kwa tetrasaiklini na doksisaiklini, dawa ambazo daktari yeyote angezifikiria kwanza. Usugu wa namna hiyo kwa kawaida hupimwa juu ya agari: vidoti vya karatasi vilivyolowekwa dawa huwekwa kwenye sahani iliyopandwa bakteria, kisha unapima duara lililobaki tupu. Ndiyo maana unene wa agari hapo si jambo la kukisia. Inatakiwa milimita 4, kwa sababu ikiwa nyembamba duara hupanuka na dawa iliyoshindwa huonekana imeshinda.

Wako pia wasioota kwenye sahani hizi hata uzipike vizuri namna gani. Chini kabisa ya ziwa Kivu, ambako hakuna oksijeni, arkea, vijiumbe wanaofanana na bakteria lakini si bakteria, hutengeneza methani. Ziwa lina kilomita za ujazo 60 hivi za gesi hiyo. Oksijeni huwaua, kwa hiyo sahani ya mezani kwao ni kaburi. Mmarekani Robert Hungate, katikati ya karne ya 20, alipata njia: chukua mrija wa kioo usio na oksijeni ndani, tia agari yenye chakula ikiwa na nyuzijoto 45 pamoja na tone la vijiumbe, ziba kwa mpira, kisha uzungushe mrija kwenye maji baridi mpaka agari igande utando mwembamba ukutani kote. Koloni huota ndani ya utando huo, zikitazamwa kupitia kioo.