Mtumbwi, mtoto na upepo wa Ziwa Nyasa

Mzazi akinipigia simu kwamba anataka kumpeleka mwanawe kupiga kambi kwa mtumbwi Matema, swali lake la kwanza huwa ni kilomita ngapi. Mimi humjibu kwa saa. Ukiwa na mtoto, urefu wa safari yako ni ule muda kati ya alfajiri na upepo kuanza. Kazi yangu ni kufundisha watu kupiga kafi na kujiokoa majini, lakini jambo hili nililishika barabara nilipoanza kwenda na binti yangu, wakati huo akiwa na miaka tisa.

Matema iko kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya ziwa, wilayani Kyela. Tazama ramani: Ziwa Nyasa ni refu na jembamba, zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini. Kuanzia Mei mpaka Agosti huvuma mwera, upepo wa kusini, nao husukuma maji urefu wote huo bila kizuizi. Wimbi linalofika Matema halikuzaliwa pale, limekua njia nzima. Ndiyo maana unaweza kusimama ufukweni jua linawaka, hata jani halitikisiki, na bado mawimbi yanapasuka mbele yako. Miezi hiyo simpakii mtoto wa mtu. Mvua za Kyela nazo si za mchezo, hasa Machi na Aprili. Miezi ninayoipenda ni Septemba na Oktoba.

Hata katika miezi hiyo, kila siku ina upepo wake. Usiku Milima ya Livingstone hupoa na hewa baridi hushuka ziwani. Asubuhi maji hutulia. Nchi kavu ikishapata joto, upepo hugeuka na kutoka ziwani. Kwa hiyo mimi huingiza mtumbwi majini saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa nne nataka uwe umeshavutwa mchangani.

Njia yetu ni ya kuelekea kijiji cha Ikombe. Upande huo milima imeshuka moja kwa moja hadi kwenye maji, miamba mitupu, na pa kutua ni pachache. Kila ufuko mdogo wa mchanga tunaoupita, binti yangu huupa jina: kwa Kobe, kwa Mwembe, kwa Mawe Mawili. Nilimwanzishia mchezo huo ili asichoke. Siku moja ukatuokoa. Ikombe akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu ambavyo hupelekwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, na mwanangu alinasa hapo, akitazama mikono ya mama mmoja ikilainisha mdomo wa chungu. Sikuwa na moyo wa kumwondoa. Tukaondoka saa sita, kosa langu mwenyewe. Hatukufika mbali maji yakaanza kuruka ndani. Mimi nahangaika na kafi, yeye akageuka: “Baba, kwa Kobe tumeshapita, lakini kwa Mawe Mawili ni pale.” Tulitua hapo, tukakaa mpaka kesho yake asubuhi.

Siku hiyo nilikosea pia kupanga mzigo. Mzazi mzito akikaa nyuma na mtoto mwepesi mbele, pua ya mtumbwi hunyanyuka, na upepo huisukuma kama jani. Unapiga kafi, mtumbwi unageuka tu. Sasa madumu ya maji ya kunywa na gunia la hema nayaweka mbele kabisa, mtoto anakaa chini sakafuni, si ukingoni, mahali ambapo mkono wangu unamfikia. Kamwe simfungi kwa kamba.

Jaketi okozi nalijaribu nchi kavu. Nalishika mabegani na kulivuta juu: likimpanda mpaka masikioni, ni kubwa, hata kama muuzaji anasema atakua nalo. Kisha, kwenye maji ya kifuani, tunaupindua mtumbwi makusudi. Mara ya kwanza binti yangu alilia. Mara ya tatu alikuwa anacheka huku ameukumbatia. Mtumbwi wa gogo ukijaa maji bado unaelea, na anayeushikilia anaelea nao. Wanaozama mara nyingi ni wale walioona ufuko uko karibu wakaamua kuogelea. Juu ya maji macho hudanganya umbali.

Naomba mzazi asilipuuze suala la kichocho. Ziwa hili linacho, na vimelea vyake hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Ukiwa mtumbwini huwezi kukwepa maji, kwa hiyo baada ya wiki sita hadi nane nampeleka mwanangu kupimwa na kupewa dawa akihitaji. Mapema zaidi ya hapo dawa haisaidii sana, kwani hushambulia minyoo iliyokwisha kukomaa.

Kwa kambi, tunaanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Kumwamkia na kumweleza mnalala wapi ni adabu, tena usiku kukitokea shida anajua mko wapi. Hema nalisimamisha mbali na midomo ya mito, kwa sababu ya mamba na viboko, na juu ya alama ya mwisho ya maji mchangani. Mtumbwi naufunga mtini hata kama ziwa limelala.

Mtoto naye awe na kazi ya kweli. Ya binti yangu ni upo, chombo cha kuchotea maji yaliyoingia mtumbwini: dumu la lita tano tulilolikata mdomo kwa mshazari, ukingo wake akausugua kwa jiwe mpaka ukaacha kukwaruza. Maji yakifika vifundoni anayachota bila kuambiwa. Usiku analiweka kando ya kichwa chake ndani ya hema. Giza likiingia wavuvi wa usipa, samaki wadogo kama dagaa, huwasha taa zao ziwani, naye huzihesabu akiwa amelala kifudifudi, kichwa nje ya zipu. Safari iliyopita alifika thelathini na nne, akaniuliza kama wale wavuvi nao wana mtu wa kuwachotea maji.