Kwa nini vito vya kale vya ganeti hujaa vijiwe vidogo kama punje za komamanga?

Chukua bizimu la ganeti la karne ya 19 ulitazame kwa karibu. Vijiwe vyekundu, vingine vidogo kuliko punje ya mtama, vimebanana mpaka huoni kilichovishikilia. Ni kama komamanga lililopasuliwa, na hata jina la ganeti limetoka kwenye neno la Kilatini la tunda hilo. Mbona sonara hakuweka jiwe moja kubwa akamaliza kazi?

Kwanza, hakuwa nalo. Ganeti zilizotamba Ulaya enzi hizo zilitoka Bohemia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, zikichekechwa kwenye changarawe za mashamba karibu na mji wa Třebenice. Ni aina iitwayo piropi, na nyingi hazifiki upana wa milimita 5. Mali ilikuwa ndogo lakini yenye wivu: katika karne ya 18 Maria Theresa, malkia wa Bohemia, alipiga marufuku ganeti ghafi kuuzwa nje, ili kazi ya kukata ibaki kwa mafundi wa nyumbani.

Halafu kuna rangi. Piropi ni damu ya mzee hasa. Ikiwa nene, mwanga haupenyi, na jiwe la bei linaonekana kipande cha mkaa. Ikiwa nyembamba, inawaka. Wakataji waliokuwa na ganeti kubwa nyeusinyeusi walilijua hilo: walilichonga jiwe likawa na mgongo wa mviringo, kisha wakalikomba kwa chini kama kijiko ili mwanga upite. Wa Bohemia hawakuhitaji hila hiyo. Walikata vijiwe bapa chini, juu vikiwa na pande ndogondogo za pembetatu, na chini ya mishumaa kila upande ulirusha cheche yake.

(Si ganeti zote nyekundu. Za Bonde la Umba nchini Tanzania, zenye rangi kati ya waridi na chungwa, wachuuzi waliziita malaya kwa kuwa hazikuwa na kundi. Jina hilo sasa linatumika bila aibu katika maduka ya vito Marekani.)

Chini ya vijiwe mara nyingi hakukuwa na dhahabu, bali shaba iliyochanganywa na zinki na kupakwa dhahabu juu. Hapo ndipo mke wa karani naye alipoweza kuvaa seti: kidani, hereni, bangili, hata kitana cha nywele. Wageni waliokwenda kujitibu kwa maji ya chemchemi huko Karlovy Vary na Mariánské Lázně, miji ya Bohemia, walirudi nazo kama zawadi.

Mariánské Lázně ndiko mshairi Goethe, mzee wa miaka zaidi ya 70, alikompenda Ulrike von Levetzow. Mwaka 1823 alipeleka posa. Binti alikuwa na miaka 19, na posa haikukubaliwa. Ulrike hakuolewa hadi alipofariki mwaka 1899. Seti yake ya ganeti imehifadhiwa hadi leo.