Siki na soda: nawaomba muache kuzichanganya

Jumanne jioni bi mmoja wa Kizingo, hapa Mombasa, ambaye namsafishia nyumba kila wiki mbili, alinitumia ujumbe wa sauti. "Mwanangu, hii dawa yako mbona haichemki? Kwenye video naona inachemka mpaka inamwagika!" Nilikuwa nimemwachia siki kwenye chupa ya kupulizia na soda ya kuokea kwenye kikopo mbali, kila kimoja kimeandikwa kazi yake. Yeye kavitia ndoo moja, kangoja povu litulie, kapulizia bafu zima. Kesho yake vigae vina gamba jeupe lilelile la chokaa, na mwenye makosa ni mimi.

Huyo ni wa nne tangu Ramadhani iishe. Basi naandika mara moja, na wa tano nitamtumia hii asome.

Siki ni asidi. Soda ni kinyume cha asidi. Ukizikutanisha zinamalizana, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi isiyo na ukali wowote. Lile povu linalowafurahisha ni gesi ya kaboni dayoksaidi, ileile inayotoka ukifungua chupa ya soda ya kunywa, na hakuna mtu anayepiga deki kwa soda ya kunywa. Tena hesabu yake inauma: kijiko kikubwa kimoja cha soda, gramu 14 hivi, kinamaliza nguvu za mililita 200 za siki ya asilimia 5, ile ya kawaida ya dukani. Karibu kikombe kizima. Umenunua vitu viwili, ukapata maji.

Hapo ndipo naambiwa, "Lakini mimi nilifanya, na uchafu ulitoka." Naam, ulitoka. Kwanza, ulisugua, na mkono wako ndio uliofanya kazi. Pili, hukupima, kwa hiyo kimoja kilizidi: siki ikizidi una siki hafifu, soda ikizidi una soda iliyorowa. Kilichobaki ndicho kilichosafisha, na kingesafisha vizuri zaidi kama ungekitumia peke yake toka mwanzo. Mambo ya bomba la sinki ni yayo hayo. Bomba lililozibwa na mafuta ya biriani na punje za wali halizibuliwi na mapovu. Chukua ile pampu ya mpira, sukuma, kisha mwaga maji ya moto yenye magadi. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kumimina siki juu ya soda kwenye sinki la mteja aliyekuwa amenisimamia kichwani, kwa sababu alitaka kuona kitu kinachemka. Kilichemka, akaridhika. Alipoondoka nikachukua pampu.

Na msiutie mchanganyiko huo kwenye chupa mkaifunga. Gesi haina pa kutokea, chupa itapasuka.

Kanuni yangu ni fupi: mafuta yanataka magadi au soda, chokaa inataka siki au ndimu. Hapa Mombasa chokaa ni adui wa kila siku. Kisiwa chenyewe kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya mfereji ya Mzima na Baricho yasipokuja, ambayo si ajabu, tunateka ya kisima au tunanunua ya mkokoteni. Maji ya kisima yana chokaa na chumvi. Chumvi huoshwa kwa maji tu. Chokaa ndiyo hufanya gamba jeupe kwenye birika, kwenye kichwa cha bafu na chini ya mfereji, na sabuni haiiwezi hata ukisugua mpaka magharibi.

Birika: nusu siki, nusu maji, chemsha, zima, acha nusu saa. Utaona vipovu vidogo vinapanda kutoka kwenye gamba. Sasa huo ndio mchemko wa kazi! Gesi ni ileile, lakini safari hii inatoka ndani ya uchafu wenyewe, kwa sababu asidi inaila chokaa. Mfereji uvike kitambaa kilicholowa siki, uache nusu saa, kisha suuza.

Kama umenifuata mpaka hapa, umeshaona hatari iko wapi. Siki haijui ipi ni chokaa ya uchafu na ipi ni chokaa ya nyumba yako. Sakafu ya terazo ina vipande vya marumaru, na marumaru ni chokaa iliyogeuka jiwe. Hili sikulisoma popote. Miaka yangu ya mwanzo, kwenye nyumba moja ya zamani kule Tudor, niliona doa la chai kwenye sakafu ya terazo, nikakata ndimu, nikaisugua, nikaliacha ganda palepale niende kuanika nguo. Niliporudi doa limeondoka, na mng'aro umeondoka nalo. Paliachwa duara, kama kifuniko cha sufuria ndogo, limefifia kama kioo kilichopigwa pumzi. Nikapaka mafuta ya nazi, likang'aa siku mbili. Mpaka fundi wa kusaga sakafu alipoitwa, kwa pesa zangu.

Wenye nyumba za Mji wa Kale na wao nawaomba: kuta zenu ni mawe ya matumbawe yaliyopigwa lipu ya chokaa. Ukuta ukiota ukungu masika, mtu ameambiwa apulizie siki. Unapulizia asidi kwenye chokaa! Unaula ukuta wako kidogo kidogo. Brashi kavu, madirisha wazi, kisha ukuta upakwe chokaa mpya, ambayo kwa ukali wake huufanya ukungu usipende kukaa. Kwenye ukuta wa saruji uliopakwa rangi, siki huniondolea ukungu, lakini siwezi kukuahidi kitu: mara nyingine haurudi mpaka mwaka unaofuata, mara nyingine wiki tatu tu uko palepale. Unyevu ukiwa unapanda kutoka chini, kila unachopaka ni kujifariji. Na hata kwenye vigae, kazi ikiisha suuza upesi. Saruji iliyo baina yao huliwa pia.

Magadi watu wameyasahau, na ndiyo rahisi kuliko yote. Nasema yale yale tunayotia kwenye kunde. Yana nguvu kuliko soda ya kuokea, kwa hiyo vaa glavu. Maji ya kisima yakikataa kutoa povu la sabuni, tia magadi kidogo kwanza, yatulie, chokaa inajitenga, ndipo utie sabuni. Mbuzi ya nazi na kifumbu cha kuchujia tui vilivyoanza kunuka mafuta yaliyochacha, magadi na maji ya moto, brashi, jua. Usiache ndimu kwenye meno ya mbuzi. Ni chuma, yatashika kutu. Na sufuria zetu hizi za alumini usizitie magadi, zitakuwa nyeusi. Weusi ukishaingia, chemsha humo maji ya ukwaju, utatoka. Majivu nayo ni ndugu wa magadi, na kwa kumbi la nazi husugua vizuri, ila kila jiko na majivu yake: leo makali, kesho kama vumbi.

Shaba: ukwaju, chumvi, suuza, kausha. Lakini dele la kahawa la babu yako likiwa na ule wekundu uliokolea wa miaka, fikiri mara mbili kabla ya kuling'arisha kama jipya.

Vioo: gazeti na siki kidogo. Basi.

Jiki na siki, au jiki na ndimu, HAPANA. Hutoka gesi ya klorini, na bafu zetu hazina hata dirisha la kupitisha paka. Na siki isikudanganye kwamba ni dawa ya vijidudu. Ubao uliokatia kuku mbichi, osha kwa sabuni na maji ya moto. Choo nyumba ikiwa na mgonjwa wa kuhara, tumia jiki, peke yake, na hapo vitu vya asili tuviweke kando.

Alhamisi nilikwenda Kizingo. Nikalowesha vitambaa kwa siki tupu, nikavibandika kwenye vigae vya bafu, tukanywa kahawa. Baada ya nusu saa nikabandua kimoja, nikapitisha brashi, nikasuuza. Chini ya weupe pakatokea ua la samawati kwenye kigae, ambalo bi mwenyewe alikuwa ameshalisahau.

"Na soda je?" akaniuliza.

"Okea keki, bi. Nitakuja kula."